Gari la Zimamoto Lisiloweza Kuzima Jua

Mhasibu wa kila kampuni inayojenga kituo cha sola huniuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei: tanki la maji liwe la lita ngapi? Simlaumu. Ukimtajia mtu gari la zimamoto, linalomjia kichwani ni lori jekundu, king'ora, na mpira unaorusha maji mpaka ghorofa ya tatu. Mimi mwenyewe ujana wangu niliumaliza juu ya lori la aina hiyo, Mombasa, kabla sijahamia karakana ya Changamwe ambako kazi yangu sasa ni kuyavisha magari. Naletewa Land Cruiser tupu. Likitoka kwangu lina makabati, pampu, machela, taa na redio. Siku hizi wateja wangu wengi ni wenye mashamba ya sola, na swali la mhasibu siwezi kumjibu vizuri bila kurudi nyuma miaka 350.

Swali hilo lilizaliwa Amsterdam. Palikuwa na mchoraji mmoja, Jan van der Heyden, aliyesifika kwa kuchora majengo ya mji wake tofali kwa tofali. Yeye na ndugu yake Nicolaes ndio walioleta mpira wa ngozi wa kuzimia moto, mwanzoni mwa miaka ya 1670. Pampu zilikuwapo kabla yao, lakini maji yalitoka kwenye bomba lililokazwa juu ya pampu yenyewe, kwa hiyo ilibidi chombo kizima kiburutwe hadi mbele ya moto. Nyumba ikiwa uchochoroni, mwenyewe alibaki kutazama. Mpira ulimruhusu mtu aiache pampu kando ya mfereji na kuyafuata maji mpaka mlangoni, kisha ngazini, kisha chumbani. Mwaka 1690 van der Heyden alichapa kitabu kikubwa chenye picha za mioto ya Amsterdam, ile iliyoshinda pampu za kale na ile iliyoshindwa na pampu yake. Lilikuwa tangazo la biashara, tusifichane, lakini ni tangazo lililochorwa na fundi.

Kutoka hapo zimamoto ikawa sanaa ya kukaribia. James Braidwood, aliyepewa kikosi cha mji wa Edinburgh mwaka 1824 na kile cha London mwaka 1833, aliwafundisha watu wake waache kurusha maji kwenye moshi kutoka barabarani. Ingieni ndani, alitaka, muutafute moto pale unapokaa. Mwaka 1861 ukuta wa ghala ulimwangukia Tooley Street, London, akafa akiwa kazini. Fundisho lake halikufa. Shoka, ngazi, mtarimbo, taa ya mkononi, mtungi wa hewa wa mgongoni: karibu kila kitu tulichokuwa tukikikagua asubuhi pale kituoni kipo ili mtu aweze kusogea hatua moja zaidi. Hata kile chuma kinachoitwa Halligan, kwa jina la mkuu mmoja wa zimamoto wa New York aliyekibuni mwaka 1948, chenye uma upande mmoja na jino pamoja na msumari upande wa pili, kazi yake ni kufungua mlango uliokataa.

Kisha ikaja paneli ya sola, na sanaa yote hii ikakutana na kitu kisichotaka kukaribiwa.

Vijana wa umeme wanaokuja karakana kupokea magari hunibishia hapa. Mmoja aliniambia, "Mzee, si tunazima swichi kuu tu, mambo yanakwisha?" Nikamjibu, "Zima, mwanangu. Halafu uniambie jua nani atalizima." Swichi inaukata umeme usitoke kwenda mbele, upande wa paneli haigusi kitu. Muda wote ambao kuna mwanga, paneli ina volti, na kwenye vituo vikubwa zinaungwa moja baada ya nyingine kwa mstari mpaka volti 1,000, na siku hizi 1,500. Tena ni umeme wa DC. Umeme wa nyumbani kwako, ule wa AC, unapanda na kushuka, na kila mara unapita kwenye sifuri, kwa hiyo cheche ikiruka inapata nafasi ya kukatika. Wa DC hauna sifuri. Chomoa kiunganishi cha waya wakati mzigo unapita, na ule moto wa buluu utaendelea kuwaka hewani huku ukiyeyusha chuma.

Kwa miaka mingi jambo hili halikumsumbua mtu wa zimamoto. Maabara ya Bell, Marekani, ilionyesha paneli yake ya silikoni mwaka 1954. Kituo cha kwanza cha kufika megawati 1 kilijengwa Hesperia, California, mwaka 1982, na kampuni hiyo hiyo, ARCO Solar, ikafuatisha kingine cha megawati 5 hivi kwenye uwanda wa Carrizo. Vyote vilikuwa mbali na watu. Mioto ya sola iliyokuwa ikizungumzwa enzi zile ilikuwa ya mafuta: vituo vya Daggett, vilivyotumia vioo badala ya paneli na kuhifadhi joto kwenye mafuta, viliunguza tanki mwaka 1986 na jingine mwaka 1999. Povu ndilo lililokuwa dawa yake. Bado naweka ndoo mbili za povu kwenye gari, kwa ajili ya mafuta ya transfoma, na sizidishi.

Mambo yalibadilika paneli zilipopanda kwenye mapaa. Tarehe 5 Aprili 2009 paa la duka kubwa huko Bakersfield, California, lilishika moto kutokana na mtambo wake wa sola. Waliochunguza walikuta kosa la aina mbaya kuliko zote, kosa linalokaa kimya. Waya mmoja uligusa chuma, na fyuzi iliyowekwa kukamata hitilafu kama hiyo haikuihisi kwa sababu hitilafu ilikuwa ndogo mno. Ilipokuja hitilafu ya pili, kubwa, fyuzi ikakatika kama ilivyotakiwa, lakini umeme ukaendelea kupita kwenye ile njia ya kwanza. Miaka minne baadaye, Septemba 2013, ghala la nyama la Dietz & Watson huko Delanco, New Jersey, liliteketea likiwa na paneli zaidi ya 7,000 juu yake. Mkuu wa zimamoto hakukubali kuwapandisha watu wake kwenye paa hilo. Braidwood angemwona mwoga. Mimi naona alikuwa sahihi.

Kati ya mioto hiyo miwili, mwaka 2011, maabara ya UL ya Marekani ilitoa ripoti ambayo kwangu ndiyo msingi wa kabati zima la kushoto la gari. Walichukua paneli halisi, wakazichoma, wakazimwagia maji, wakazifunika maturubai, wakapima umeme unaorudi kwa mtu aliyeshika nozeli. Kwa volti 1,000, walisema, mtu asimame mita 6 hivi na nozeli iwe imefunguliwa kuwa mnyunyizo wa angalau digrii 10, wala si mkondo ulionyooka. Glovu na viatu vya zimamoto vinakinga kidogo, tena vikiwa vikavu na vizima. Maturubai walikuta hayaaminiki: mengine yalizuia mwanga, mengine yalipitisha wa kutosha kuua. Na usiku, ambao sote tuliudhania rafiki, una mtego wake. Mwezi hauna nguvu ya kuleta hatari, ila taa kubwa za gari la zimamoto na mwanga wa moto wenyewe zinaweza kuiamsha paneli.

Ukiijua ripoti hiyo, utaelewa kwa nini magari yangu yana taa za kuangaza chini, zilizofungwa usawa wa bampa na kando ya magurudumu, na kwa nini ule mlingoti wa taa unaopendwa kwenye picha za matangazo nauondoa. Utaelewa pia kwa nini nimechora mstari mweupe kwenye mpira wa maji, mita 10 kutoka kwenye nozeli. Umbali wa UL ulipimwa kwa volti 1,000 na wateja wangu wana 1,500. Anayeshika nozeli anautandika mpira chini mpaka kwenye mstari ule, na hapo anajua umbali wake bila kupiga hesabu akiwa na hofu.

Afrika Mashariki sola kubwa ilifika bila kupitia mapaa. Rwamagana, Rwanda, kituo cha megawati 8.5 chenye paneli 28,360 kilikamilika mwaka 2014, paneli zikiwa zimepangwa ili ukitazama kutoka angani uone umbo la Afrika. Soroti, Uganda, ikafuata mwaka 2016 kwa megawati 10. Garissa ilizinduliwa Desemba 2019, megawati 50. Mwisho wa 2021 ikawashwa ya Langobaya, nyuma ya Malindi, kwenye nchi ya vichaka ninayoijua tangu utotoni. Yote ni mashamba ya chini, kwenye ardhi kavu, mbali na kituo cha zimamoto cha mji. Na hapo ndipo orodha za vifaa zinazoletwa kutoka Ulaya zinapoanza kunikera, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya paa la ghala.

Kwetu kinachoungua kwanza ni nyasi. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, majani yaliyonawiri kwa mvua za vuli yanakauka yakiwa yamesimama chini ya paneli, na mchungaji anayechoma malisho upande wa pili wa uzio hana ugomvi na mtu. Wengine wameingiza kondoo wale majani hayo, na kondoo hao ni zimamoto bora kuliko mimi. Anayedhani natia chumvi arudi kwenye uwanda ule ule wa Carrizo. Juni 2019, kwenye kituo cha California Valley Solar Ranch cha megawati 250, ndege mmoja aligusa nyaya, akashika moto, akaanguka kwenye nyasi. Ziliungua ekari 1,127. Paneli zilisalimika, lakini nguzo na nyaya ziliharibika kiasi cha kukizimisha kituo karibu chote. Ndege mmoja!

Kwa moto wa nyasi mwalimu wangu si van der Heyden. Ni Ed Pulaski, mlinzi wa misitu wa Idaho. Agosti 1910, katika siku mbili, upepo uliunganisha mioto ya Idaho na Montana ikala hekta milioni 1.2 hivi. Pulaski aliwaongoza watu zaidi ya 40 mpaka kwenye handaki la mgodi wa zamani, na walipotaka kutoka kwa woga alisimama mlangoni na bastola. Watano walifia ndani, waliobaki wakatoka wakiwa hai. Chombo chenye jina lake, shoka upande mmoja na jembe dogo upande wa pili, kilitokana na miaka iliyofuata, naye alikifua kwenye karakana yake mwenyewe. Ni chombo cha mtu asiye na maji. Huzimi moto kwa Pulaski. Unauchimbia mpaka, unauondolea chakula, unausubiri ufike pale ujifie.

Ndiyo maana mhasibu anapotaka tanki la lita 2,000 tunakaa chini na kalamu. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Lita 2,000 ni tani mbili, na Land Cruiser ya pikapu hubeba tani moja hivi kabla hujapakia mtu. Atakayesisitiza atanunua lori, na lori halipiti kati ya safu za paneli wala halifiki pembeni mwa uzio baada ya mvua. Mimi naweka tanki la lita 400, la kupakia na kushusha, lenye pampu yake ya petroli na mpira mwembamba wa kuzungushia. Pembeni naweka mabomba ya mgongoni, majembe ya Pulaski, mareki, na fimbo zenye kipande cha raba ya tairi mwishoni za kupigia moto wa chini. Bibi zetu walipiga kwa matawi mabichi. Raba haikauki, basi.

Kabati la kulia ni la binadamu, na historia yake ndiyo inayonigusa kuliko zote. Miaka ya 1920 kampuni za umeme za Marekani zilikuwa zikipoteza mafundi wa nguzo: mtu anapigwa shoti, hana jeraha la maana, moyo unatetemeka badala ya kupiga, anakufa. Zilitoa fedha za utafiti, na mmoja wa waliozipokea alikuwa William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Hakuwa daktari. Alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme. Kazi ilimchukua miaka na miaka, mpaka akapata mashine ya kushtua moyo bila kupasua kifua. Halafu mwaka 1958 mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, akaona jambo dogo. Walikuwa wakifanya majaribio kwa mbwa, na kila walipokandamiza vibao vizito vya mashine kwenye kifua, hata kabla ya kuwasha umeme, shinikizo la damu lilipanda. Kumbe kukandamiza peke yake kunasukuma damu. Pamoja na daktari wa upasuaji James Jude walichapisha matokeo mwaka 1960, na ule ukandamizaji wa kifua unaofundishwa leo kwa madereva, walimu na skauti ukatoka hapo. Ulitafutwa kwa ajili ya fundi wa umeme.

Mashine yenyewe ilipanda gari Belfast, mwaka 1965, kwa mkono wa daktari Frank Pantridge. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 na ilitumia betri za gari. Ninayoifunga mimi inaning'inia begani kama mkoba wa mwanafunzi na inaongea. Nikilazimishwa kubakiza kifaa kimoja tu ndani ya gari, nitashusha tanki, pampu na povu, nibaki na hiyo. Wateja huikata kwanza pesa zikipungua.

Lakini mashine haina kazi kama hujamtoa mtu kwenye umeme, na kumtoa kunataka glovu. Hapa huwa nasimama sana na vijana. Glovu ya raba ya daraja 0 inahimili volti 1,000 za AC au 1,500 za DC, na haivaliwi hivi hivi. Unaishika kwenye mdomo wake, unaikunja kuelekea vidoleni kwa haraka ili hewa inaswe, unaendelea kukunja mpaka vidole vimevimba. Unaisogeza karibu na shavu. Ukihisi upepo mwembamba, au ukisikia sauti kama ya mtu anayenyonya jino, imetobolewa, haifai hata kufulia. Tundu la sindano linatosha. Juu yake unavaa ya ngozi ili raba isichanwe na ukingo wa paneli. Jua na mikunjo huiua kabla ya umeme, kwa hiyo kabati lake naliweka nyuma ya kiti cha dereva, kivulini, na kila glovu ina mfuko wake ilimolala imenyooka. Karibu nao kuna fimbo ndefu ya nyuzi za kioo yenye kulabu, ya kumvutia majeruhi.

Mengine kwenye kabati hili hayakutoka ng'ambo. Maji ya kunywa, lita 40, na pakiti za chumvi na sukari, kwa sababu joto linaangusha wafanyakazi wengi kuliko umeme. Chupa za maji safi za kuoshea macho ya aliyetemewa na swila. Mabanzi ya kuutuliza mguu ulioumwa na bafe. Aliyeumwa hafungwi kamba ya kubana, anatulizwa na kukimbizwa hospitali. Upande wetu wa Kilifi tuna bahati ya kuwa karibu na Watamu, ambako James Ashe alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken mwaka 1980, na watu wake wamefundisha wengi namna ya kuishi na wanyama hawa. Vazi la nyuki pia limo. Nyuki wanapenda masanduku ya nyaya.

Sasa betri. Wateja wapya wanataka kituo kiwe na makontena ya betri za lithiamu, umeme wa mchana uuzwe usiku. Jioni ya 19 Aprili 2019 kontena la namna hiyo la megawati 2, liitwalo McMicken, mjini Surprise, Arizona, lilianza kutoa moshi. Gesi ya kuzimia moto ilijifungua ndani kama ilivyopangwa. Haikusaidia, kwa sababu betri iliyoanza kuchemka haihitaji moto wala hewa ya nje. Inajichemsha, inaipasha ya jirani, na zote zinatema gesi zinazolipuka. Zimamoto walifika, wakapima hewa ya nje, wakasubiri. Vipimo vya nje vikashuka. Karibu saa 2 usiku wakafungua mlango. Mlipuko uliwarusha. Zimamoto 8 na polisi 1 walipelekwa hospitali, wanne kati ya zimamoto hao wakiwa na majeraha makubwa. Mlango uliofungwa na watu waliozoea kukaribia: van der Heyden, Braidwood na Halligan wote walikuwa pale.

Baada ya McMicken nimeacha kuweka Halligan kwenye magari ya vituo vyenye betri. Wenzangu wananiona nimezidi, nami sijabadilika. Mahali pake naweka kipima gesi chenye mpira mrefu, kamera ya kuonyesha joto ukiwa mbali, kipima upepo, utepe wa kuzuia watu, na kipaza sauti cha kuhamisha kijiji. Kontena likiwaka, kazi ya gari hili ni kulowesha kilicho jirani kutoka mbali na kuzuia mtu asisogee, hata kama ni kwa muda wa saa kumi na mbili.

Kwenu wenye vituo nina ombi moja, nalo halina gharama ya karakana. Waliochunguza McMicken walikuta kwamba zimamoto wa mji hawakuwa wamepewa mpango wa dharura wa kituo kabla ya siku ile. Huku kwetu gari lenu likizidiwa, litakalokuja kusaidia ni la kaunti, na ndani yake wamo vijana ambao hawajawahi kupita kwenye geti lenu. Waiteni mapema. Watembezeni kati ya safu, waonyesheni swichi ziko wapi na zinazima nini na haziwezi kuzima nini, wapeni ramani iliyopakwa plastiki wakaitundike kwenye lori lao. Nakala ya pili naifunga mimi mwenyewe, kwa skrubu nne, ndani ya mlango wa dereva.